Nyumba Bora Hukaguliwa Saa Nane Mchana

Nyumba ya kuishi ni jengo gumu kulitolea tuzo kuliko majengo mengine yote. Soko, shule au stendi ya mabasi ni mali ya umma, na yeyote anaweza kuingia, akatazama, akasema. Nyumba ina mlango, na nyuma ya mlango kuna wenyewe. Ndiyo maana nyumba nyingi husifiwa kwa kile kinachoonekana barabarani: geti, rangi, vigae vya kibaraza, taa za ukutani. Mazungumzo ya leo yanazunguka swali moja: nyumba ya kisasa iliyosanifiwa vizuri hasa hutambuliwa kwa nini? Na hapa kwetu Singida, itambuliwe kwa nini?

Sehemu ya jibu imekwisha kutolewa na wale ambao kazi yao ni kutoa tuzo. Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kutolewa kila baada ya miaka mitatu, haipokei jengo lililokamilika jana. Jengo lazima liwe limetumika kwa angalau mwaka mmoja. Kisha, kwa majengo yaliyopita mchujo, mtaalamu hutumwa mpaka mahali penyewe. Anapima, anauliza, anazungumza na wanaolitumia, ndipo anarudi kuwaeleza majaji. Picha peke yake hazitoshi, hata ziwe nzuri namna gani.

Kwa nini mwaka mmoja? Kwa sababu ndani ya mwaka nyumba inapata mvua zake, baridi yake, upepo wake na jua lake. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, halafu ukavu wa miezi mingi. Mji wa Singida uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai blanketi halikosi kazi. Baadaye huja pepo za kiangazi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na vumbi lake. Pepo hizo ni kali kiasi kwamba kwa miaka mingi Singida imekuwa ikitajwa kwenye mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Nyumba inayostahili sifa mkoani hapa ni ile iliyojibu mambo hayo manne: mvua ya mkupuo, ukavu mrefu, upepo, na jua la mchana linalofuatwa na usiku wa baridi.

Je, kuna nyumba iliyowahi kuyajibu? Ipo, na wengi wanaosikiliza wamezaliwa ndani yake au wamewahi kulala humo kwa babu na bibi. Ni tembe.

Tembe ya Wanyaturu, Wanyiramba na jirani zao Wagogo ni nyumba ya pembe nne, fupi, yenye paa la bapa. Paa hilo halikai juu ya kuta. Linabebwa na nguzo zenye panda, juu yake boriti, juu ya boriti fito na matawi, kisha nyasi, na mwisho udongo. Kuta ni fito na udongo, na mara nyingi vyumba huzunguka ua ambamo mifugo hulala. Watafiti wa majengo hupenda kutaja ulinzi dhidi ya wavamizi kuwa sababu ya umbo hilo, na ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Udongo mzito huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Jua la saa nane mchana likipiga paa la tembe, joto lake huanza kufika ndani jioni, wakati ambapo linahitajika. Na kwa kuwa nyumba ni fupi na haina paa la kukamatwa na upepo, dhoruba hupita juu yake bila kupata pa kushika.

Tembe ilikuwa na kasoro zake, na si ndogo. Giza. Moshi. Mchwa kwenye nguzo. Mvua kubwa ikirudia siku kadhaa, paa huvuja, na kila mwaka linadai udongo mpya. Ndani ya nyufa za sakafu na kuta za udongo hukaa papasi, wale wadudu waletao homa ya papasi, ugonjwa uliosumbua sana watu wa nyanda za kati. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji na kampeni za nyumba bora zilizofuata, tembe ilihesabiwa kuwa dalili ya kubaki nyuma, na bati likawa dalili ya kuendelea. Hukumu hiyo ilikuwa na haki nusu. Iliona giza, moshi na papasi. Haikuona kwamba paa zito lilikuwa likifanya kazi ambayo bati peke yake haliwezi.

Basi tuanze na paa, kwa sababu nyumba ya Singida hufaulu au hushindwa hapo kabla ya pengine popote.

Bati ni zuri. Halivujishi likipigiliwa sawasawa, halina papasi, na hukusanya maji. Lakini bati likipigwa jua huwaka, na kama chini yake hakuna kitu, joto hushuka moja kwa moja kichwani kwa aliyekaa sebuleni. Usiku hugeuka: bati hupoa haraka kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, na aliyelala chini yake huhisi baridi inashuka. Mwenye kukagua nyumba aingie saa nane mchana, asimame katikati ya chumba cha kulala, asiseme kitu kwa dakika chache. Kisha aulize: wenyeji hukaa humu mchana, au hukimbilia chini ya mti?

Dawa yake inajulikana na si ya gharama kubwa. Kwanza dari. Pili, nafasi kati ya dari na bati. Tatu, na hili ndilo husahaulika, matundu ya hewa pande mbili za paa, ili joto lililokwama juu ya dari lisukumwe nje na upepo. Singida ina upepo wa bure, na kujenga paa lisilopumua ni kuukataa. Matundu yawekwe wavu, la sivyo popo na ndege watahamia kabla ya mwenye nyumba.

Mfano mkubwa wa jambo hili upo Afrika, ingawa si Afrika Mashariki. Msanifu Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alijenga shule ya msingi ya kijiji chake kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Juu ya madarasa aliweka dari ya matofali, na juu ya dari akaliinua paa la bati mbali kabisa, likielea juu ya vyuma vyembamba, upepo ukipita katikati. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Kéré akajenga pia nyumba za walimu za hapo Gando, kwa udongo uleule. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo wasanifu wengi huiona kuwa ya juu kuliko zote duniani. Gando pana joto kuliko Singida, lakini tatizo ni lilelile: bati ni la lazima, na bati linaunguza. Alichofanya ni kuligawa paa kazi mbili, moja ya kuzuia mvua na jua, nyingine ya kuzuia joto. Paa la tembe lilifanya zote mbili kwa tabaka moja la udongo, na ndiyo maana likavuja.

Sasa kuna mtindo unaopendwa sana mijini, nao umefika Singida: nyumba ya kuficha bati. Kuta hupandishwa juu kupita paa, bati likawa halionekani, na nyumba ikaonekana kama kasha safi lenye kingo zilizonyooka. Ni mtindo wenye kuvutia, hilo halina ubishi. Na ukiitazama nyumba hiyo kwa mbali, jioni, jua likiwa nyuma yake, umbo lake ni la tembe. Safari imekuwa ndefu mpaka kurudi kwenye paa la bapa! Tofauti ni kwamba juu ya ile kulikuwa na udongo, na juu ya hii kuna bati lilelile, limefichwa tu.

Je, mtindo huu ni mbaya? Hapana, ila unadai umakini ambao mafundi wengi hawajauzoea. Kwanza, nyumba hii haina upenu. Upenu ni ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, na ndiyo inayoukinga ukuta na mvua, na dirisha na jua. Ukiuondoa, kila dirisha linahitaji kofia yake ya zege. Pili, maji ya mvua hayamwagiki nje. Hukusanywa na mfereji uliojificha nyuma ya ukuta. Mfereji huo ukiziba kwa vumbi, majani na viota vya miezi mingi ya ukavu, mvua ya kwanza ya Desemba huingia sebuleni. Fundi makini huupanua, huufanyia mteremko wa kweli, huacha tundu la akiba la kutolea maji upande wa nje, na huweka njia ya kupanda kuusafisha. Kwa upande mwingine, ukuta ule wa juu husaidia kwenye upepo, kwa kuwa hakuna kingo ya bati iliyo wazi kukamatwa. Kwenye nyumba yenye upenu mpana, kenchi lazima zifungwe kwenye mkanda wa zege kwa nondo au waya mzito, si kwa misumari peke yake. Jaji asiyepanda ngazi kutazama mfereji na viungo vya kenchi hajakagua nyumba.

Na maji? Hapa paa hugeuka kuwa shamba. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 60,000, kabla ya kutoa zinazopotea. Nyumba ya kifahari isiyo na gata wala tangi, huku mama au binti wa nyumba hiyo akibeba ndoo mwezi wa Septemba, imekosa jambo la msingi, na vigae vyake havipaswi kuifidia.

Baada ya paa ni mwelekeo. Singida iko kusini kidogo ya ikweta. Jua la asubuhi na la jioni huja likiwa chini, na hupiga kuta za mashariki na magharibi usoni. La mchana huwa juu. Kwa hiyo nyumba iliyolala kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, yenye madirisha makubwa kaskazini na kusini, huwa na nafuu. Dirisha kubwa la vioo upande wa magharibi, hata liwe la aluminiamu ya bei ghali, ni jiko la kuoka watu kuanzia saa tisa alasiri. Upepo wa vumbi nao unatoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo upande huo unafaa madirisha madogo yanayofungika vizuri, au mstari wa miti. Lakini viwanja vya mjini vimepimwa vikitazama barabara, na watu hutaka sebule itazame barabara. Msanifu mwenye kipaji huonekana hapo: anageuza vyumba, anaweka kibaraza kirefu upande mbaya, anapandisha ukuta wa matofali ya matundu kukata jua, na mteja anabaki na uso wake wa barabarani.

Tuingie ndani, wasikilizaji. Ramani nyingi zinazouzwa leo zimechorwa kwa maisha ya mahali pengine. Jiko liko wazi kwa sebule, linang'aa, na lina meza ya juu yenye viti virefu. Halafu familia inahamia. Ugali wa mtama au uwele unasongwa kwa kuni, mlenda unachemka, na baada ya wiki moja linazuka jiko la mabati nyuma ya nyumba, limeegemezwa ukutani, moshi ukiingia dirishani kwa watoto. Kuku wa kienyeji, ambao Singida inajulikana kwao hadi Dar es Salaam, wanalala koridoni. Magunia ya alizeti na vitunguu yanakaa kwenye chumba cha wageni. Hapo nani amekosea, familia au ramani? Nyumba nzuri ya Singida ina jiko la nje lililochorwa tangu mwanzo, mbali na madirisha na upande ambao upepo hautarudisha moshi. Ina stoo yenye hewa. Ina banda la kuku lililo nje lakini linalosikika usiku. Na ina ua, kwa sababu kazi nyingi za nyumbani bado hufanyika chini ya anga, kama ilivyokuwa kwenye tembe.

Kuhusu vifaa, neno fupi. Tofali la kuchoma ni imara na linapendeza, lakini tanuru lake hula miti, na Singida haina miti ya kuchezea. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine ya mkono, hukaushwa bila moto, na hupangwa kwa kuingiliana bila udongo mwingi wa kujengea. Mawe ya granaiti, ambayo mji wa Singida umekaa katikati yake, ni msingi ulio tayari. Nyumba iliyojengwa kwa kilichopo karibu inastahili alama zaidi, ilimradi isivuje.

Tanzania imewahi kuzipima nyumba kwa namna ambayo hata tuzo kubwa hazifanyi, na hili ni la kusikiliza kwa makini. Katikati ya miaka ya 2010, wasanifu kutoka Denmark na watafiti wa afya walijenga nyumba sita za majaribio katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga. Nyingine zilikuwa za ghorofa, na kuta zilipitisha hewa kwa mianzi, mbao au nyavu. Kisha wakahesabu mbu na kupima joto. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba ndani mlikuwa na nafuu ya takriban nyuzi 2 kuliko nyumba za kawaida za kijiji, na kwamba nyumba za ghorofa ziliingiwa na mbu wachache mno, pungufu kwa zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Sababu moja ni kwamba mbu wa malaria huruka chini chini, na anayelala juu huwa mbali nao.

Kazi hiyo ikahamia Mtwara, ambako zilijengwa nyumba 110 zenye vyumba vya kulala juu, jiko bora, choo na tangi la maji ya mvua. Familia zilipatikana kwa bahati nasibu, ili watoto wao walinganishwe kwa haki na watoto wa nyumba za kawaida, nani anaumwa malaria, nani anaharisha, nani anakohoa. Fikiria, msikilizaji: nyumba inapewa alama kwa afya ya mtoto.

Je, Singida ichukue ramani ya Mtwara? La. Singida haina malaria nyingi kama Mtwara, na kuta za wavu hazifai usiku wa Julai wala vumbi la Septemba. Kinachofaa kuchukuliwa ni namna ya kupima. Hapa kipimajoto kiwekwe chumbani mchana na usiku, mwezi wa Julai na mwezi wa Oktoba. Kikohozi cha watoto kihesabiwe. Maji ya tangi yapimwe yamefika mwezi gani kabla ya kwisha.

Likipatikana jengo la kutuzwa, atuzwe nani? Wasanifu hutambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na kazi zao zina majina. Lakini nyumba nyingi za mkoa huu hazikupita mezani kwa msanifu. Zimejengwa na fundi, mwenye nyumba akieleza kwa mikono, na kati ya mafundi hao wapo walioyajua matundu ya paa na upande wa upepo bila kufundishwa na mtu. Tuzo isiyo na nafasi ya fundi itazikosa nyumba bora zaidi za Singida.

Jambo la mwisho ni fedha. Nyumba hapa haijengwi mara moja. Msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho wakati alizeti ikiwa na bei, bati baadaye. Usanifu ulio hodari huyajua hayo: huanza na vyumba viwili vinavyokalika kikamilifu, vikiwa na paa na tangi, na huacha mahali pa kuongeza bila kubomoa. Mwaka 1989 Tuzo ya Aga Khan ilikwenda kwa mpango wa nyumba wa Benki ya Grameen nchini Bangladesh. Kilichokopeshwa kilikuwa kitu kidogo mno: nguzo nne za zege, sakafu ya choo, na mabati, kuta kila familia ilijitafutia. Mwaka 2025 nchi hiyohiyo ikapata tena, safari hii kwa nyumba ndogo za mianzi za msanifu Marina Tabassum, ambazo familia huweza kuzifungua na kuhama nazo mto ukila kingo.

Mkopo wa Grameen ulikuwa na sharti lililowashangaza waume wengi: kiwanja kiandikwe kwa jina la mwanamke aliyekopa, ili akiachwa asifukuzwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hapa Tanzania inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kwa hiyo mkaguzi wa nyumba bora ya Singida, akishamaliza kutazama paa, gata, madirisha, jiko la nje na banda la kuku, ana swali moja zaidi la kuuliza kabla ya kufunga daftari: hati ya nyumba hii ina majina ya nani?